Stesheni Iliyozaa Nairobi

Mtu akitoka kwetu Ekalakala huijua Nairobi kwa steji zake kabla ya kuijua kwa mitaa yake. Unatoka Matuu, unapita Thika, unashushwa mjini ukiwa na vumbi hadi kwenye kope. Steji ya kwanza niliyoijua ni Machakos Country Bus, na jina hilo lilinisumbua nikiwa mtoto: mbona Machakos iko ndani ya Nairobi? Ya pili ni Railways. "Shukisha Railways." "Tupatane Railways." Kwa miaka miwili nilipanda na kushuka hapo bila kugeuza shingo hata siku moja nione kitu kilichoipa steji hiyo jina. Railways kwangu ilikuwa matatu za Rongai na Lang'ata, mayai ya kuchemsha na kachumbari, soksi tatu kwa mia, na mhubiri mwenye spika mbovu.

Stesheni yenyewe niliingia wiki niliyoacha chuo. Karo ilikuwa imekwama, chumba nilikuwa nimerudisha, na binamu yangu aliyekuwa anakaa Syokimau aliniambia, "Kuja na treni, ni rahisi kuliko mat." Nikafika mapema mno, saa nane mchana, na treni ya watu wa kazi ni ya jioni. Nikakaa. Mbele yangu kulikuwa na majukwaa marefu, reli nyingi zikienda sambamba, paa ndefu, na karibu hakuna mtu. Mlinzi mmoja. Njiwa. Nyasi kati ya mataruma.

Swali lililonijia ni la kitoto tu: haya majukwaa yote yalijengewa nani?

Nimelitafuta jibu kwa muda sasa, na nimegundua kwamba jibu linaanzia kwetu.

*

Kabla ya Nairobi kuwepo, mji uliokuwa na jina huku bara ulikuwa Machakos. Ulipewa jina la Masaku, mzee wa Kikamba na mwonaji, na wageni walioshindwa kulitamka wakaliandika walivyolisikia. Kampuni ya Imperial British East Africa ilijenga ngome hapo, misafara ya kwenda Uganda ikapita hapo kununua chakula, na tangu mwaka 1892 afisa John Ainsworth alikaa hapo akiendesha mambo ya Ukambani kwa niaba ya Waingereza. Kama ungemwambia mtu wa wakati huo kwamba mji mkuu wa nchi hii utakuwa kwenye tope la tambarare, kilomita 60 hivi mbele ya Machakos, angekucheka.

Halafu reli ikaja. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India, na kama 2,500 kati yao walikufa kazini, kwa maradhi, kwa ajali, na wengine kwa simba wa Tsavo ambao vitabu vinawapenda kuliko vinavyowapenda waliokufa. Reli ilipofika Ukambani, wahandisi walikuwa na hesabu zao. Treni haipendi milima, na Machakos imezungukwa na milima. Wakapitisha reli upande wa kusini, Ulu na nyanda za Kapiti, wakaiacha Machakos juu ya vilima vyake.

Tarehe 30 Mei 1899 reli ikafika mahali Wamaasai walipopaita Enkare Nairobi, maji baridi. Hapakuwa na mji. Palikuwa na mto, kinamasi na uwanja mpana. Lakini kwa mhandisi uwanja huo ulikuwa na maana: ulikuwa tambarare ya mwisho kabla ya reli kuanza kupanda kuelekea ukingo wa Bonde la Ufa. Huko mbele hakukuwa na nafasi ya kuegesha injini, kurundika vyuma na kujenga karakana. Hapa ilikuwepo. Mhandisi mkuu George Whitehouse akaleta makao ya reli kutoka Mombasa. Mwaka huohuo Ainsworth naye akafunga virago Machakos, akahamia kwenye tope. Kufikia 1905 serikali ya kikoloni ilikuwa imehama Mombasa ikafuata reli.

Yaani tuelewane. Nairobi haikuchaguliwa na mfalme, wala na nabii, wala na wafanyabiashara. Ilichaguliwa na watu waliokuwa wanatafuta mahali pa kuegesha injini. Stesheni ilikuja kwanza, mji ukafuata. Na mji uliokuwepo tayari ukabaki nyuma, ukawa mahali pa kutoka asubuhi kwenda Nairobi kutafuta kazi.

*

Ukitaka kuona jinsi stesheni ilivyouzaa mji huu, simama mbele yake ukitazama kaskazini. Moi Avenue, zamani Government Road, inaanzia karibu na hapo, na majengo ya kwanza ya serikali na maduka yalijipanga kuifuata. Upande wa mlimani, Upper Hill, wakakaa maafisa Wazungu wa reli. Wafanyakazi wa Kihindi wakakaa upande wa Ngara. Waafrika wakapewa Muthurwa, safu za vyumba vya mawe zilizoitwa landi, ndipo leo tuna Landhies Road. Kati ya wale waliotoka India, karibu 6,700 walibaki baada ya reli kufika Kisumu mwaka 1901, wengine wakiwa bado kwenye reli, wengine wakifungua maduka. Ramani ya ubaguzi wa Nairobi ilichorwa kwanza kama ramani ya nyumba za wafanyakazi wa kampuni moja.

Ndani ya treni pia nchi nzima ilikuwepo kwa ufupi. Daraja la kwanza lilikuwa na vitanda, shuka na chakula cha mezani. La tatu lilikuwa na viti vya mbao. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kuwa rais wa Marekani, alisafiri kutoka Mombasa akiwa ameketi kwenye kiti mbele kabisa ya injini ili aone wanyama, akashuka Kapiti, hapohapo Machakos, kuanza kuwapiga risasi. Watu wetu walipita kwenye reli hiyohiyo wakiwa daraja la tatu, kwenda kubeba mizigo, kufanya kazi za nyumbani, na kuanzia miaka ya 1920 wakiwa na kipande shingoni.

Reli yenyewe ilibadilisha jina kila siasa ilipobadilika. Uganda Railway ikawa Kenya and Uganda Railway, na mwaka 1948 ikaungana na ya Tanganyika kuwa East African Railways and Harbours. Hicho ndicho kipindi stesheni ya Nairobi ilikuwa stesheni kwelikweli. Kahawa, chai, mahindi, katani, magadi, ng'ombe, barua na wanafunzi wa bodi, wote walipita hapo. Kutoka hapo ulipanda kwenda Mombasa, Kisumu, Kampala, au ukafuata njia ya Thika, iliyofunguliwa 1913, hadi Nanyuki. Miaka ya 1950 zikaletwa injini 34 za mvuke za aina ya Garratt, kubwa kuliko zote zilizowahi kutembea kwenye reli ya upana wa mita moja, na kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Moja, Mount Gelai, iko hadi leo kwenye Makumbusho ya Reli, dakika chache kwa miguu kutoka stesheni. Simama karibu na gurudumu lake. Utajiona mdogo.

Susu wangu, yaani nyanya kwa lugha yenu ya mjini, aliwahi kuiona stesheni hiyo ikiwa hai. Kaka yake alikuwa ameandikwa kazi yadi, kupaka magurudumu grisi, na alikuwa na chumba landi za Muthurwa. Miaka ya sitini, kabla hajaolewa, susu alitumwa ampelekee mbaazi na kibuyu cha asali. Alitembea, akapanda basi hadi Thika, halafu treni ya daraja la tatu hadi Nairobi. Aliposhuka, ananiambia, jukwaa lilikuwa kama soko la Jumatatu, watu, vikapu, kuku, askari, filimbi. Aliushika ukuta, akasimama hapo hadi kaka yake alipomwona.

"Siku hizo mtu akisema nduguye yuko reli, hakuulizwa swali lingine," husema. Reli ilimaanisha mshahara, nyumba, pasi ya kusafiri bure, na pensheni mwishoni.

Na kaka yake alimwachia neno moja ambalo hajalisahau: "Ukipotea Nairobi hii, usiogope. Uliza reli iko wapi. Ukifika reli, umefika nyumbani."

*

Stesheni haifi kama mtu, siku moja na saa moja. Inakufa kwa kuchelewa. Treni inachelewa dakika 20, halafu saa 2, halafu watu wanaacha kuuliza.

Pigo la kwanza lilikuwa 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Nchi tatu zikagawana injini na mabehewa kama mali ya ndoa iliyoharibika, na mwaka uliofuata Kenya ikabaki na shirika lake, Kenya Railways. Reli iliyojengwa kuunganisha Mombasa na Kampala sasa ilikuwa inaishia kwenye mpaka wa watu waliokosana. Wakati huohuo barabara ya lami ya Mombasa ilikuwa imeshakamilika, na malori yakaanza kubeba kilichokuwa cha treni. Lori lina mwenyewe, na mwenyewe ana marafiki serikalini. Reli ni ya umma, na ya umma haina mtu wa kuilalia macho.

Kisha matengenezo yakapungua, na pale matengenezo yanapopungua watu hufa. Mwishoni mwa Januari 1993 mafuriko yaliharibu daraja mahali panapoitwa Ngai Ndeithya, kule Ukambani karibu na Mtito Andei. Treni ya usiku ya abiria ikatumbukia. Zaidi ya watu 100 walikufa. Ngai Ndeithya ni Kikamba: Mungu, nisaidie. Machi 1999 treni nyingine ya abiria ikaanguka Tsavo, ikaua 32. Baada ya hapo, mtu aliyekuwa na nauli ya basi alipanda basi, na hakuna aliyemlaumu.

Novemba 2006 serikali ikaikabidhi reli kampuni ya Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25. Haikumaliza hata nusu, mkataba ukavunjwa 2017. Katika miaka hiyo treni ya Mombasa iliendelea kuondoka Nairobi jioni, mara chache kwa wiki, ikibeba watalii waliotaka kuonja zamani na Wakenya waliokuwa na subira. Safari iliyopaswa kuchukua usiku mmoja iliweza kula siku nzima ya pili.

Aprili 2017 treni hiyo ikafanya safari yake ya mwisho. Tarehe 31 Mei 2017, miaka 118 na siku moja baada ya reli ya kwanza kufika Nairobi, Madaraka Express ikazinduliwa. Reli mpya, pana zaidi, kwa mkopo wa China. Mombasa kwa saa 5 hivi badala ya usiku kucha. Nauli ya chini ilianza na shilingi 700, ikawa 1,000, na tangu mwanzo wa 2024 ni 1,500.

Nimeipanda, na sitaisema vibaya. Ni safi, inaondoka kwa saa yake. Lakini haiondoki stesheni ya Nairobi. Haifiki huko kabisa. Mombasa nako haiingii kisiwani, inaishia Miritini. Kwa mara ya pili katika historia yetu wahandisi na wakopeshaji walikaa, wakapiga hesabu za ardhi na mwinuko, wakaamua treni isimame mahali pengine. Mwaka 1899 uamuzi kama huo uliiacha Machakos mlimani. Mwaka 2017 uliiacha stesheni ya Nairobi katikati ya mji wake mwenyewe, ikiwa na majukwaa na bila safari ya Mombasa.

Na treni ikahamia wapi? Syokimau, mpakani mwa Nairobi na Machakos.

*

Hapa lazima nisimulie kidogo, kwa ajili ya wale ambao Syokimau kwao ni gated community na bei ya nyumba. Syokimau alikuwa mwanamke wa Kikamba, mwonaji. Inasimuliwa kwamba kabla ya Mzungu kufika aliona nyoka mrefu akitambaa kutoka maji ya mashariki hadi maji ya magharibi, akitoa moshi, na watu wenye rangi ya ajabu wanaobeba moto mifukoni. Nyoka ni reli, moto ni kiberiti. Kwetu kila mtoto amesikia hadithi hii, kwa kawaida usiku, kwa kawaida wakati ambapo ungependa kulala.

Kwa hiyo reli ilimnyang'anya mji Masaku, mwonaji wa kiume, na baada ya zaidi ya karne moja ikaenda kuegesha kwa Syokimau, mwonaji wa kike. Ukiniuliza, hiyo ni hadithi nzuri mno kuwa bahati tu. Lakini nimekaa Syokimau na binamu yangu kwa miezi saba, na ninajua kwamba stesheni ile mpya haikuzaa mji. Inazaa foleni ya teksi. Watu wanashuka na kuondoka haraka, wengine wanavuka kupanda treni ndogo ya kuwaleta mjini, na treni hiyo inaishia wapi? Stesheni ya zamani, Nairobi.

Kwa sababu, ukweli usemwe, stesheni ile haijafa. Imeshushwa cheo. Tangu kituo cha Syokimau cha abiria wa kila siku kilipofunguliwa Novemba 2012, treni za asubuhi na jioni zimekuwa zikibeba watu wa Mombasa Road, Embakasi, Ruiru, Kikuyu na Limuru. Mwaka 2020 zikaongezwa treni za dizeli zilizokuwa zimetumika kisiwa cha Mallorca, Uhispania. Treni za mitumba, na sioni aibu, hata koti nililovaa ni la Gikomba. Desemba 2020 treni ya Nanyuki ikarudi, na mwaka mmoja baadaye ya Kisumu. Ukifika jukwaani saa kumi na moja na nusu jioni utasukumwa vizuri tu. Mama ana mtoto mgongoni na gunia la mtumba mkononi. Fundi wa umeme amelala wima. Wanafunzi wanagombania dirisha. Hakuna Roosevelt. Ni daraja la tatu pekee lililobaki, na ndilo linaloiweka stesheni hai.

*

Sasa kuna mpango mpya. Unaitwa Nairobi Railway City: ekari 425 za ardhi ya reli katikati ya mji, stesheni mpya, maghorofa, maduka, bustani. Waingereza wanasaidia, wakiwemo wachoraji wa ramani, na Desemba 2022 rais alikwenda kuuzindua. Nimeona picha za kompyuta. Watu kwenye picha hizo wanatembea polepole wakiwa na kahawa mkononi, na hakuna hata mmoja aliyebeba gunia.

Sipingi stesheni mpya. Kusema kila kitu cha zamani kiachwe kilivyo ni starehe ya mtu asiyepanda treni mvua ikinyesha. Ninachotaka kujua ni kile nilichojiuliza siku ile ya njiwa: inajengewa nani?

Swali hilo si la hewani. Muthurwa, ambapo kaka ya susu alilala baada ya kazi, ilikuja kuwa mali ya mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli. Mwaka 2010 wapangaji waliambiwa wahame, maji yakakatwa, nyumba zikaanza kubomolewa. Wakaenda kortini, na Agosti 2013 Mahakama Kuu ikasema haki zao za makao na utu zilikuwa zimevunjwa. Wazee waliokuwa wameitumikia reli walilazimika kumwomba jaji aithibitishie reli kwamba wao ni binadamu. Ekari hizo 425 zinapochorwa, zinachorwa juu ya jirani za watu wa aina hiyo, na juu ya wachuuzi wa Muthurwa na Railways ambao hawana hati ya kitu chochote isipokuwa mahali wanaposimama.

Historia ya stesheni hii inanifundisha jambo moja ambalo chuo hakikuwahi kuniambia, labda kwa sababu niliondoka mapema. Mahali treni inaposimama si jambo la reli peke yake. Mtu mmoja ofisini akisogeza nukta kwenye ramani, Machakos inakuwa kijijini na kinamasi kinakuwa jiji. Akiisogeza tena, jiji linabaki na jukwaa tupu. Walioishi kwenye ile nukta hawajawahi kuitwa kwenye mkutano, si 1899, si 2017. Huu wa Railway City ndio wa kwanza katika maisha yangu ambao bado haujaisha, na sisi tunaopanda treni ya jioni bado tuna nafasi ya kubisha hodi.

Mwezi uliopita nilienda nyumbani Ekalakala. Susu sasa macho yamepungua, lakini masikio yako sawa kabisa. Nikamweleza kwamba treni kubwa siku hizi haifiki mjini, inaishia mahali panapoitwa Syokimau.

Akanyamaza, akaendelea kuchambua pojo kwenye ungo.

"Syokimau yupi? Yule wa nyoka?"

"Huyo huyo, susu."

"Na walimwomba ruhusa kabla ya kumwekea stesheni jina lake?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Na mtu akipotea Nairobi siku hizi," akauliza, "bado anaambiwa aulize reli?"

Nikamwambia ndiyo, bado, lakini akiuliza reli ataonyeshwa steji ya matatu.

Akatikisa ungo, upepo ukachukua maganda. "Basi mwambieni aseme stesheni," akasema. "Aseme kwa sauti."